Kutalii ni Kusoma: Maneno ya Mtu wa Ng'ambo Aendaye Kisiwani

Likoni hakuna mtu anayesema anakwenda kutalii. Mama anayewavisha wanawe nguo za Idi atasema wanakwenda kutembea. Vijana waliochangishana nauli watasema wanakwenda kujivinjari, au kupunga upepo. Mzee aliyealikwa Lamu Mfungo Sita kwa ajili ya Maulidi atasema anakwenda kuzuru, kwa sababu ziara ina adabu yake na haichanganywi na matembezi ya starehe. Neno utalii wanalijua wote, na wengi wanakula kwalo, lakini hawalitumii kwa nafsi zao. Mtalii ni yule anayeshuka uwanja wa ndege wa Moi, akapitishwa Changamwe ndani ya gari lililofungwa vioo, akavushwa hadi Diani au akapelekwa Bamburi kuoneshwa bahari. Serikali ilipotaka na sisi tusafiri ndani ya nchi yetu, ilibidi iongeze neno: utalii wa ndani. Nyongeza hiyo inaniuma, kwa sababu inakubali kwamba utalii mtupu, usio na nyongeza, ni wa watu wengine.

Inaniuma zaidi nikikumbuka neno lenyewe lilikotoka. Kwa Kiarabu mzizi wake umezaa kitenzi cha kusoma kwa makini, kupitia maandishi kwa jicho la kutaka kujua. Kiswahili kikatwaa watoto wawili wa mzizi huo. Mmoja ni mutalaa, kusoma kwa ajili ya kupata maarifa. Wa pili ni talii. Kwa hiyo anayetalii mahali anapasoma. Haitajiki hoteli katika asili hiyo, wala kamera, wala rangi ya ngozi. Hata vinjari, ambalo leo vijana wanalitumia kwa starehe na kwa kuperuzi mtandao, lilikuwa neno la kazi: chombo kinachovinjari kinazunguka baharini kikichungua na kulinda. Wazee walioyapanga maneno haya hawakutenganisha kustarehe na kuangalia vizuri.

Nataka kuyapima maneno hayo kwa safari ambayo mtu wa Mombasa ya ng'ambo anaweza kuimudu: kutoka kwake kwenda kisiwa cha Wasini, kusini mwa Kwale. Lakini kabla ya kufika huko kuna neno kisiwa lenyewe, na hapo mtu wa Likoni ana jambo la kuwaambia watu wengi duniani.

Ulaya, kisiwa cha mapumziko ni cha Ugiriki. Mtu wa London au Berlin akisikia kisiwa anaona nyumba nyeupe zilizopandana mlimani na punda wakipanda ngazi za mawe; anasikia likizo. Mtu wa Likoni akisikia kisiwani anasikia kazi. Mombasa ndiyo kisiwa. Likoni, Kisauni na Changamwe zimekizunguka upande wa kusini, kaskazini na magharibi. Kisiwani kuna mahakama, Hospitali Kuu ya Pwani, Marikiti, na ofisi unakopangiwa foleni. Ndiyo maana kitenzi kuvuka, kwetu, hakihitaji yambwa. Jirani anauliza, "Umevuka leo?" na hakuna anayemrudishia swali kwamba kuvuka nini. Mtu wa Kisauni anavuka kwa Daraja la Nyali, lile la mwaka 1980 lililochukua nafasi ya daraja la kuelea la mwaka 1931. Mtu wa Changamwe alipita miaka mingi juu ya tuta la Makupa lililoziba maji, hata ukadhani kisiwa kimeungwa na nchi kavu. Daraja la mwaka 2022 ndilo lililoyafungulia maji njia tena. Mtu wa Likoni anavuka kwa feri, bure kama anakwenda kwa miguu, amebanwa na wenzake kifua kwa mgongo.

Na kuvuka kwetu si neno jepesi. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa. Ziko nyumba za Mtongwe na Likoni ambamo kitenzi hicho hadi leo husemwa pamoja na dua. Yeyote anayetaka kuandika kamusi ya Kiswahili cha Mombasa asilipite neno hili kwa mstari mmoja.

Kisha kuna bara. Kwa ramani, Likoni ni bara, maana si kisiwa. Hata wagawaji wa mipaka wametumia maneno ya namna hiyo katika hati zao. Lakini jaribu kumwita mtu wa Likoni mtu wa bara. Bara, kwa masikio ya Pwani, ni kule reli inakopanda, Voi kwenda juu. Likoni ni ng'ambo, na neno hilo lina uzuri wa kipekee kwa sababu halina mahali pake pa kudumu: ng'ambo ni upande wa pili wa maji kutoka ulipo wewe. Aliye Mbaraki anaiita Likoni ng'ambo. Aliye Likoni anaweza kuiita Mbaraki vivyo hivyo. Unguja wana Ng'ambo yao, ng'ambo ya hori iliyoutenga Mji Mkongwe na mashamba. Aliyekwenda kusoma Ulaya naye amekwenda ng'ambo. Neno moja linatosha kwa mkondo wa Kilindini na kwa bahari nzima, na kisiwa cha Ugiriki na nyumba ya shangazi yako Timbwani vyote viko ng'ambo.

Ukitoka Likoni kuelekea kusini unaingia katika neno jingine ambalo watoto wetu wanalipoteza: Mrima. Ndiyo nchi ya pwani iliyotazamana na visiwa, inayoteremka kwenda Vanga na kuendelea Tanzania. Matatu ya Lunga Lunga inapita Ukunda, Msambweni na Ramisi, unashuka Kanana, unatafuta tuktuk au pikipiki ya kukufikisha Shimoni. Ni kilomita 75 hivi kutoka kivukoni. Jina Shimoni halifichi kitu: kuna mapango, na mapango hayo yana kumbukumbu ya watumwa waliofungiwa humo. Mbele yake, ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari, ndiyo Wasini.

Mlango ni istilahi nzuri. Maji yapitayo baina ya nchi mbili yanaitwa mlango kwa sababu chombo huingia na kutoka hapo. Mkondo ni maji yenyewe yanavyokwenda kwa nguvu. Hori ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, kama ule wa Tudor. Ghuba ni pana zaidi. Rasi ni kichwa cha nchi kilichotoka baharini, na neno lenyewe kwa asili ndilo hilo hilo, kichwa. Abiria wa mashua ya Wasini anayeyajua maneno haya matano ameshaisoma nusu ya safari kabla ya kushuka.

Kisiwa chenyewe hakina magari, kama Hydra ya Ugiriki, na vijiji vyake ni Wasini na Mkwiro. Lahaja ya kijiji cha Wasini ni Kivumba, ya watu ambao watawala wao waliitwa Diwani na mji wao wa kale, Vumba Kuu, uliachwa magofu upande wa Mrima. Mtu wa Jomvu au Changamwe mwenye sikio la Kimvita atasikia ndugu anayezungumza kwa namna yake. Asikimbilie kumsahihisha. Amsikilize.

Zamani sana Mgiriki mmoja aliandika juu ya visiwa vyetu. Alikuwa mfanyabiashara aliyekaa Misri katika karne ya 1, jina lake halikubaki, na kitabu chake cha safari za Bahari ya Hindi kinajulikana kwa jina la Periplus. Anataja visiwa vya Pyralaai, ambavyo wataalamu wengi wanaviona kuwa vya Lamu. Anataja Menouthias, kisiwa cha chini chenye miti, mito, ndege wa aina nyingi na kobe. Wengine wanasema ni Pemba, wengine Unguja, wengine Mafia. Anasema watu wake walikuwa na mitumbwi ya gogo moja na vyombo vidogo vilivyoshonwa, na kwamba walivua kwa vikapu walivyovitega kwenye milango ya maji baina ya miamba. Mvuvi wa Mkwiro akisomewa maelezo hayo leo hatahitaji mkalimani. Kikapu kile ni dema. Chombo kile kilichoshonwa ni cha ukoo wa mtepe, ubao kwa ubao kwa kamba ya makumbi pasipo msumari.

Kinachonigusa ni namna Mgiriki yule alivyotoa jina. Mji wa mwisho aliouandika pwani hii anauita Rhapta, na anaeleza kwamba umeitwa hivyo kwa ajili ya vile vyombo, kwani kwa Kigiriki kushona ni rhaptein. Hakusema mji mzuri, wala mji wenye upepo mwanana. Alitazama mikono ya watu, akaona wanachokifanya, akakitamka kwa lugha yake. Huo ni utalii kwa maana yake ya asili, na ulifanywa na mgeni kwetu karne nyingi kabla ya hoteli ya kwanza kujengwa.

Sasa mambo ya maji, ambako Kiswahili kimejaa hadi pomoni. Bahari ya visiwa vya Ugiriki haipwi wala haijai kwa kiasi cha kumsumbua mtu. Tofauti yake ni ya kupima kwa shubiri. Yetu, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ndiyo maana tuna kupwa na kujaa, na tuna bamvua, maji makubwa yanayojaa sana na kupwa sana, na maji mafu, pale mwezi ukiwa nusu na maji yakisitasita katikati. Jiwe linalofunuliwa maji yakipwa ni kipwa. Mchanga unaoinuka katikati ya bahari ni fungu. Na Pwani, jina la uliokuwa mkoa wetu hadi mwaka 2013, limetoka humo humo: mahali maji yanapopwa. Sisi ni watu tulioitwa kwa jina la ukingo unaofunikwa na kufunuliwa kila siku. Sijui lugha nyingine iliyowapa watu wake jina zuri namna hiyo.

Nimeona mara nyingi katika vitabu vya shule "maji ya bahari hupungua". Hapana. Maji ya mtungi hupungua. Ya bahari hupwa. Mwalimu wa Kisauni ambaye watoto wake wanaiona bahari wakiwa barazani asikubali kufundisha kwa neno la mtu asiyeijua bahari.

Hapa niseme juu ya neno istilahi lenyewe, maana lina somo. Ni ndugu wa suluhu. Yote mawili yametoka katika mzizi wa kupatana. Istilahi ni neno ambalo watu wamekubaliana juu yake. Swali langu kila ninapokutana na istilahi mpya ni hilo: nani walikubaliana? Wakikaa wataalamu peke yao, tunaweza kupata neno sahihi lisilotamkwa na mtu. Wakikaa manahodha na wapokezi wa wageni peke yao, tunapata neno linalotembea lakini limeazimwa kwa haraka. Wasini ni mahali pazuri pa kuona mapatano yote mawili.

Chukua funguvisiwa. Hili ni zao la wataalamu, na kwangu ni miongoni mwa maneno yao bora. Wazungu kwa visiwa vilivyokaa pamoja hutumia neno ambalo asili yake lilikuwa jina la Bahari ya Aegean, ile ya Wagiriki. Sisi tumeunganisha fungu na visiwa. Fungu ni kusanyiko la vitu. Fungu pia ni ule mchanga wa baharini. Neno limebeba maana mbili na zote zinafaa. Baina ya Wasini na bahari kuu kuna Mpunguti ya Juu, Mpunguti ya Chini, Kisite, na Liwe la Jahazi ambamo sikio la Mombasa linasikia jiwe. Zikikaa pamoja hizo ni funguvisiwa dogo, na mwenye mashua anaweza kulisema bila ulimi kukwama.

Neno lisilonikalia vizuri ni mbuga. Kisite na Mpunguti zinalindwa kwa sheria tangu miaka ya 1970, na nimesikia pakiitwa mbuga ya baharini. Najua lilivyofika: Kenya tumezoea kusema mbuga za wanyama, basi likachukuliwa likatiwa chumvi. Lakini mbuga ni uwanda wa nyasi. Hifadhi ndilo neno, na linatosha. Tena tulipambanue, kwa sababu tofauti yake inagusa chakula cha watu: sehemu ya Kisite, kilomita za mraba 28, hairuhusiwi kuvuliwa kabisa, sehemu ya Mpunguti, 11, inaruhusu uvuvi wa jadi, wa madema na mishipi. Mgeni anayeambiwa tu kwamba ni mbuga ataona mvuvi karibu na Mpunguti na kumdhania mwizi.

Matumbawe nayo yana mapatano yake. Mjenzi wa Mji wa Kale alilijua tumbawe kama jiwe jepesi lililokatwa baharini, laini likiwa bichi, gumu likikauka. Mwanasayansi analijua kama nyumba iliyojengwa na wanyama wadogo mno. Wasini unayaona yote: chini ya maji yakiwa hai, na juu ya ardhi, nyuma ya kijiji, yakiwa mawe makongwe yaliyosimama peke yake katikati ya mikoko, maji ya bamvua yakiyafikia miguuni. Wanawake wa kisiwa wamejenga njia ya mbao kupita juu yake. Mahali hapo wengi hupaita kwa jina la Kiingereza lililosagwa. Bustani ya matumbawe inasemeka kwa urahisi huo huo, na mtoto akiisikia anauliza nani aliyeipanda, na hilo ni swali zuri la kuanzia.

Na hiyo mikoko yenyewe tusiiite mikoko tu. Mkoko ni mmoja wao, ule wenye mizizi iliyojikita kama miguu. Kuna mchu, kuna mkandaa, kuna msindi, kuna mlilana, kuna mkomafi. Mkata boriti hawezi kuichanganya. Mtu wa Mikindani anayeyaangalia maji ya hori ya Tudor kila siku ana haki ya kuijua kwa majina.

Kuhusu mchezo wa kuelea kifudifudi ukiwa na miwani na mrija ukitazama samaki, vijana wa mashua wanatumia neno la Kiingereza, nami siwalaumu. Walihitaji neno, wakatwaa lililokuwa karibu. Kuzamia halifai, kwa sababu anayeelea hakuzama. Zaidi ya hayo, Mombasa kuzamia kuna maana nyingine, ya kijana aliyejificha melini akaenda asikokujua. Mimi ningependekeza kuchungulia bahari. Kitenzi ni cha kila siku, na tendo lenyewe ndilo hilo: uso umeingia, mwili umebaki nje. Manahodha wakilikataa, limekataliwa. Wao ndio wenye suluhu. Bichi, kwa upande wake, siipigi vita. Imepata kazi ya kwake. Anayesema anakwenda bichi anakwenda kuoga na kucheza. Anayesema anakwenda pwani huenda anakwenda kuokota chaza au kungoja mashua. Ufuo na ufukwe zimebaki kwa waandishi, nazo zina heshima yake. Lugha inayoweza kutenganisha pwani ya kazi na pwani ya starehe imepata faida.

Kwa hiyo familia ya Kisauni au Changamwe inayopanga kwenda Wasini ianze kwa mwezi, na kalenda yetu wenyewe inatosha. Idi ya Mfungo Mosi inaangukia mwezi ukiandama, kwa hiyo daima ni siku za bamvua. Pwani yetu bamvua hupwa sana karibu na saa nne au saa tano asubuhi. Fungu la mchanga la Kisite litakuwa wazi, vipwa vitakuwa vimetoka, na watoto watatembea pale ambapo jioni chombo kitapita. Idi ya Mfungo Tatu huja siku ya kumi ya mwezi, nayo ni siku za maji mafu. Bahari haitafunuka sana, mkondo katika mlango utakuwa mpole, na saa hizo hizo za asubuhi maji yatakuwa yamejaa kiasi cha kuelea juu ya matumbawe bila kuyakanyaga. Kisha watazame msimu, kwani Idi huzunguka mwaka mzima. Ikiangukia kaskazi, baina ya Desemba na Machi, maji huwa safi na macho huona mbali. Ikiangukia kusi, bahari huchafuka, na nahodha akisema leo hatutoki, basi hamtoki. Mtembezwe Mkwiro na njia ya mbao, mnunue samaki wa kukaanga, mrudi siku nyingine. Na kama mtu atawauliza mko wapi, mjibuni kwamba mmekwenda kutalii.